Maghala ya Goree: Hatia Imo Daftarini, Wala Si Ukutani

Mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo walivyonena wazee wa pwani, nao walikuwa watu wa biashara, wakijua wasemalo. Sisi twataka kuongeza neno moja juu ya mithali hiyo: hata dhambi bila daftari huisha bila habari, na mahali pake hushikwa na ngano. Neno hili tutalionyesha kwa habari za maghala ya wafanya biashara yaliyokuwa katika mji wa Liverpool, Uingereza, nayo yaliitwa Goree. Maghala yenyewe yalikwisha kubomolewa zamani, wala halibaki jiwe juu ya jiwe. Lakini maneno juu yake hayajaisha, na sisi Waafrika tuna haki ya kusema katika maneno hayo, maana jina lile ni jina la kisiwa cha Afrika.

Kwanza tueleze mahali penyewe. Liverpool ni mji wa bandari upande wa magharibi wa Uingereza, penye mdomo wa mto Mersey. Maji ya mto ule hujaa na kupwa kwa nguvu nyingi, na marikebu zilizotia nanga pale zamani zilipata taabu. Kwa hiyo mwaka wa 1715 wenyeji walifungua gudi, yaani ziwa la kuchimbwa lenye kuta na milango ya kuzuia maji, ili marikebu zielee salama wakati wa kushusha na kupakia shehena. Mwaka wa 1771 likafunguliwa gudi jingine, nalo liliitwa kwa jina la mfalme George. Kando ya gudi hilo, upande wa mashariki, wafanya biashara walijenga mwaka wa 1793 mstari wa maghala makubwa ya orofa nyingi. Chini palikuwa na baraza yenye matao, watu wakipita kivulini. Juu zilikaa bidhaa.

Katika lugha yetu neno ghala lina maana mbili: nyumba ya kuwekea bidhaa za biashara, na nyumba ya kuwekea nafaka. Liverpool palikuwa na zote mbili, tena karibu karibu. Nafaka ilivuka bahari nyembamba kutoka Ireland ikaja kulisha watu wa viwanda, na mwaka wa 1808 soko la nafaka lilifunguliwa katika mtaa wa Brunswick, hatua chache kutoka maghala ya Goree. Maghala yale ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuungua. Moto mkubwa uliyashika mwezi wa Septemba 1802, ukayateketeza pamoja na mali iliyokuwamo. Yakajengwa tena yapata mwaka wa 1810. Mwisho wa karne ile gudi la George lilifukiwa, na juu yake yakasimama yale majumba matatu makubwa ambayo wageni wote wa Liverpool huyatazama mpaka leo. Maghala yalibaki nyuma yake mpaka vita vya 1939 hata 1945. Mji ulipigwa sana kwa mabomu, hasa mwezi wa Mei 1941, na maghala yale yakaharibika. Baada ya vita yakabomolewa. Kilichobaki ni jina tu: barabara ipitayo pale yaitwa Goree.

Sasa msomaji atauliza, Kwa nini jina hilo? Gorée ni kisiwa kidogo sana mbele ya mji wa Dakar, katika nchi ya Senegal. Wareno walifika huko katika karne ya 15, wakafuata Waholanzi, kisha Wafaransa na Waingereza wakanyang'anyana mara nyingi. Hao wote hawakukitaka kwa sababu ya mashamba yake, maana mashamba hayapo. Walikitaka kwa kuwa ni kituo cha biashara, na katika biashara hiyo wanadamu walikuwamo. Wafanya biashara wa Liverpool walilichukua jina la kisiwa wakaliandika katika maghala yao bila haya, kama mtu aitavyo duka lake kwa jina la nchi iliyompa faida. Twasema bila haya, maana mwaka ule wa 1793 sehemu kubwa ya biashara ya watumwa ya Uingereza nzima ilikuwa mikononi mwa watu wa Liverpool, na jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu.

Hapa ndipo tuonapo makundi mawili ya watu, na yote mawili hatukubaliani nayo.

Kundi la kwanza husema kwamba katika kuta za maghala ya Goree palikuwa na pete za chuma, nazo pete zile walifungwa Waafrika kwa minyororo wakingoja kuuzwa pale gudini. Habari hii imesimuliwa katika mji ule kwa miaka mingi, baba akimwambia mwanawe. Asimuliaye hana nia mbaya. Mara nyingi amehuzunika kweli kweli kwa ajili ya watu wetu. Naye akiulizwa ushahidi hujibu kama wajibuvyo wengi kwetu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini historia haiendi kwa mithali hiyo. Lisemwalo huenda lipo, huenda halipo. Na aliye mwalimu hana budi kwenda kuangalia.

Tukienda kuangalia twaona nini? Twaona ya kuwa marikebu za Liverpool zilifanya safari ya pembe tatu. Zilitoka Uingereza na nguo, bunduki, baruti, sufuria, shaba na shanga, zikaenda pwani ya Afrika ya magharibi. Huko bidhaa zile zilibadilishwa kwa watu. Watu wakavushwa bahari kuu mpaka visiwa vya West Indies na nchi za Marekani, wakauzwa huko. Kisha marikebu zikarudi Liverpool na sukari, pamba, kahawa, tumbaku na pombe ya miwa. Basi wale mamia ya maelfu hawakuiona Liverpool kabisa. Ni kweli kwamba Waafrika wachache waliletwa Uingereza, na magazeti ya Liverpool ya karne ya 18 yalichapa matangazo ya kuwauza. Aibu hiyo imeandikwa wala haifutiki. Lakini mwaka wa 1772 hakimu mkuu Mansfield alitoa hukumu katika kesi ya Mwafrika aitwaye James Somerset, kwamba bwana hawezi kumkamata mtumwa katika Uingereza na kumtoa nchini kwa nguvu. Maghala ya Goree yalijengwa miaka 21 baada ya hukumu hiyo. Pete za chuma zilikuwapo katika kuta nyingi za bandari zote, kwa kufungia farasi na kamba. Kuzifanya pingu za watumwa ni kuongeza jambo ambalo halina ushahidi.

Pengine mtu atasema, Ninyi Waafrika mwawatetea wenye maghala? Hasha! Twataka washitakiwe kwa shitaka lisilovunjika. Yafaa tufikiri shauri la barazani. Mtu ameiba ng'ombe kumi, na mashahidi wapo. Akitokea mtu wa pili kwa hasira akasema, Aliiba na mbuzi wangu, na ikaonekana kuwa mbuzi hakuibwa bali alipotea, je, mwizi atafanya nini? Atamshika mbuzi huyo mmoja, amzungushe baraza nzima, mpaka wazee wawasahau ng'ombe. Ndivyo ilivyo habari ya pete. Mtu asiyependa kusikia habari za utumwa huanza na pete. Akiisha kuonyesha kwamba si kweli, hufunga kitabu, aende zake ametulia moyo. Ngano haimsaidii aliyedhulumiwa. Yampa mdhalimu mlango wa nyuma.

Jambo kama hilo limetokea mji ule ule wa Liverpool, si zamani. Kuna barabara iitwayo Penny Lane, nayo ilisemwa sana kwamba iliitwa kwa jina la James Penny, nahodha na mfanya biashara wa watumwa wa karne ya 18. Watu waliamini, na hata nyumba ya kumbukumbu ya habari za utumwa iliyofunguliwa Liverpool mwaka wa 2007 iliiweka barabara hiyo katika maelezo yake. Mwaka wa 2020 neno hilo lilichunguzwa, na ushahidi wa kuunganisha jina la barabara na mtu yule haukuonekana, likaondolewa. Twawasifu waliofanya hivyo. Mwenye kuondoa neno moja lisilo na ushahidi ameyatia nguvu maneno yote yaliyobaki.

Kundi la pili ni baya kuliko la kwanza. Hao husema: Kama hakuna aliyefungwa pale, basi maghala yalikuwa maghala tu. Sukari ni sukari, nafaka ni nafaka, gunia halina dhambi. Wafanya biashara walikuwa watu wa haki waliolipa kodi, wakajenga mji, wakatoa sadaka kwa maskini. Yamebomolewa, mambo ya kale na yakae na ya kale.

Hapa ndipo twasema daftari lifunguliwe. Mwaka wa 1699 marikebu iitwayo Liverpool Merchant iliondoka mji ule ikaenda Afrika, ikachukua watu wapatao 220, ikawapeleka Barbados. Hiyo ndiyo ya kwanza ijulikanayo. Ya mwisho iliyoruhusiwa na sheria, jina lake Kitty's Amelia, iliondoka mwezi wa Julai 1807. Kati ya mwanzo ule na mwisho ule, wanahistoria waliohesabu safari moja moja wakisoma hati za forodha na za wenye marikebu wamepata jumla ya kutisha: marikebu za Liverpool peke yake zilichukua Waafrika wapatao milioni 1.5. Hesabu hii haikutoka kwa adui wa Liverpool. Imetoka katika maandiko ya wafanya biashara wenyewe, maana walikuwa waangalifu sana katika kuandika.

Tena walikuwa waangalifu kiasi gani? Mwaka wa 1781 marikebu ya Zong, mali ya kundi la wafanya biashara wa Liverpool, ilikuwa ikivuka bahari imejaa watu. Mabaharia wakawatupa baharini watu wapatao 130 wangali hai, wakidai kwamba maji ya kunywa yalikuwa yakipungua. Wenye marikebu walifanyaje waliposikia? Walikwenda kwa watu wa bima kudai fedha, kwa hesabu ya paundi 30 kwa kila kichwa, kama vile mtu adaivyo magunia yaliyoharibika. Shauri lilisikilizwa London mwaka wa 1783, na baraza la kwanza likawapa haki wenye marikebu. Ndipo hakimu Mansfield yule yule akaamuru lisikilizwe tena. Msomaji na aone: katika shauri lile hakuna aliyeshitakiwa kwa kuua. Waliogombana waligombania fedha tu. Hapo hapakuwa na pete ukutani, wala soko la watu, wala mnyororo. Palikuwa na meza, kalamu, wino na daftari. Nasi twauliza, Je, hatia ilipungua?

Basi turudi katika ghala. Gunia la sukari lililolala katika orofa ya tatu lilitoka shamba la miwa la Jamaica, na aliyekata miwa ile alinunuliwa kwa nguo na bunduki zilizopakiwa pale pale gudini. Robota la pamba lilichumwa kwa mikono ya watu wasiolipwa. Mwenye ghala huenda hakumwona Mwafrika hata mmoja siku zote za maisha yake. Huenda alikuwa mpole kwa watumishi wake na mwaminifu katika mizani. Lakini kila asubuhi alifungua mlango, akahesabu faida ya jasho la watu waliokufa mbali naye. Hili ndilo fundisho la Goree, nalo ndilo ngano ya pete linalolificha. Ngano yatufundisha kwamba dhuluma hukaa penye mnyororo uonekanao. Kumbe dhuluma yaweza kukaa katika nyumba safi iliyopakwa chokaa, na mwenye nyumba asisikie hata kilio kimoja.

Wala haikuisha mwaka wa 1807, Bunge la Uingereza lilipokataza biashara ya watumwa. Mtu mmoja wa Liverpool mwenyewe, William Roscoe, alikuwa mjumbe katika Bunge lile akaipigia kura sheria, na kwa ajili hiyo watu wa mji wake walimchukia. Yeye naye tumwandike katika daftari, maana haki ni haki. Lakini utumwa wenyewe katika makoloni uliendelea mpaka sheria ya 1833, na sheria ile iliwapa mabwana fidia ya paundi milioni 20. Watumwa hawakupewa kitu. Deni lililochukuliwa kwa ajili ya fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka wa 2015, yaani juzi tu. Na pamba ya watumwa wa Marekani iliendelea kushushwa Liverpool mpaka vita vyao vya 1861 hata 1865. Pamba ya aina hiyo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja kwa marikebu, nasi tukaiita merikani. Bibi zetu walijifunga merikani, na wapagazi waliichukua vichwani mpaka Tabora na Ujiji. Uzi wake ulianza katika shamba la mtumwa mwenye asili ya Afrika. Asiwaze mtu kwamba mambo ya maghala ya ng'ambo hayakufika kwetu.

Yafaa tuseme pia juu ya nyumba zetu wenyewe, maana si haki kuonyesha kidole ng'ambo tu. Katika kisiwa chenyewe cha Gorée iko nyumba iliyojengwa katika karne ya 18, iitwayo Nyumba ya Watumwa, na wageni waliambiwa kwamba mamilioni ya watu walipita mlango wake wa nyuma. Wanahistoria wamesema kwamba wengi walipakiwa kwingineko katika pwani, na waliopita Gorée walikuwa wachache kuliko hesabu hiyo. Kwetu Unguja, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka wa 1873; hilo ni hakika. Lakini vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni vimo katika jengo ambalo misheni ililijenga baada ya soko kufungwa, na kwa sababu hiyo baadhi ya wanahistoria hawakubali kwamba watumwa walifungwa humo. Je, yatupasa kuogopa maneno hayo? La. Soko lilikuwapo, watu waliuzwa, hati ziko. Msiba wetu ni mkubwa wa kutosha. Hauhitaji kuongezewa chumvi.

Twajua wengine watatujibu: Watu wa kawaida hawasomi hesabu; mwonyeshe mtu pete, atalia; mwonyeshe daftari, atasinzia. Neno hili lina nguvu, nasi hatulidharau. Lakini kosa hapo ni la mwalimu, si la daftari. Mtoto wa shule akiambiwa kwamba watu 130 walitupwa baharini, na kwamba wenye marikebu waliomba walipwe, hasinzii. Akiambiwa kwamba kila gunia lina njia yake, na njia hiyo yaweza kufuatwa mpaka kwa mtu aliyelijaza, hasinzii. Kweli ikisimuliwa vema hushika moyo kama ngano, nayo ina faida moja zaidi: mtoto akikua, hatakuja mtu kumwambia kwamba mwalimu wake alimdanganya.

Basi twataka nini? Juu ya Liverpool neno letu ni fupi. Baraza la mji ule lilitoa maneno ya toba mwezi wa Desemba 1999, na tangu mwaka wa 2022 limeanza kuweka vibao vya kueleza majina ya mitaa yanayohusu biashara ya watumwa. Ni vema. Jina la Goree lisifutwe, maana kulifuta ni kuchoma ukurasa wa daftari. Libaki, na apitaye aelezwe kweli: kwamba hapa palikuwa na maghala, yakajengwa 1793, yakaungua 1802, yakajengwa tena, yakabomolewa baada ya vita, kwamba hapakuwa soko la watu, na kwamba mali iliyokaa humo iligusana na uhai wa watu waliouzwa. Maneno hayo yatosha. Hayo hayana mlango wa nyuma.

Neno la pili ni kwetu sisi wenyewe tujuao kusoma na kuandika. Katika wilaya nyingi pana mahali ambapo zamani palisimama ghala la tajiri, kituo cha msafara, au boma, na leo ni shamba la mihogo au uwanja wa mpira. Wazee wanaojua habari zake wanakufa. Atakayekwenda kuwauliza na aende na daftari, aandike mambo kwa safu tatu: haya mzee aliyaona kwa macho yake, haya aliyasikia kwa baba yake, haya husemwa tu, wala hajulikani aliyeyasema kwanza. Asiitupe safu ya tatu, maana hata uvumi una maana yake, lakini asiichanganye na ya kwanza. Na aulize maswali yaletayo aibu pia: ghala hili lilijazwa na nani, kwa bei gani, na nani alipata faida? Maana wako wa kwetu waliouza ndugu zao, nao wamo katika hesabu.

Ukuta wa ghala huanguka kwa moto, kwa bomu, au kwa mvua za miaka mingi, na aliye na hatia huufurahia mwanguko huo akidhani kwamba shahidi amekufa. Lakini shahidi hakuwa ukuta. Shahidi ni hesabu iliyoandikwa, nayo yangojea mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya watu, bila kupunguza na bila kuongeza.